Mume Anayerudi: Ndoa ya Kikatoliki katika Tamthilia na Kaberebere

Watu wengi hudharau tamthilia za Mexico na Ufilipino kwa sababu ya mume anayerudi. Sehemu hiyo tunaijua sote: bibi harusi yuko mbele ya padri, mlango wa kanisa unafunguliwa, na mume aliyesemekana alizama baharini anaingia. Mhadhiri wetu mmoja hapa Mbarara alisema darasani kwamba huo ni uongo wa kuuzia matangazo. Mimi naona ni historia.

Nilianza kufikiri hivyo Kaberebere mwaka 2019. Mama mdogo alikuwa ametoka Nakivale akapanga chumba hapo, akiuza unga wa muhogo, nami nilikaa kwake wakati wa likizo. Jioni tulikwenda kwa jirani mwenye dishi. Siku mume alipoingia kanisani, akina mama wenyeji walicheka na kupiga makofi. Sisi Wakongomani tulinyamaza. Mama mdogo alijifunga kitenge akatoka nje. Mume wake tulipotezana naye mwaka 2012, tukikimbilia mpaka wa Bunagana.

Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento uliamuru ndoa ya Wakatoliki ifungwe mbele ya padri na mashahidi wawili. Kabla ya hapo watu waliweza kuoana kwa siri, kisha mmoja akakana. Wahispania waliipeleka dini hiyo Mexico na Ufilipino. Buganda waliileta Mapadri Weupe mwaka 1879. Mwaka 1907, wakati wa Papa Pius X, Roma iliongeza kwamba ndoa iandikwe pia katika kitabu cha ubatizo. Kwa hiyo padri wa huku anaweza kuiandikia parokia ya Rutshuru na kujua kama umeshafunga ndoa, ikiwa kitabu hakijaungua. Ufilipino hadi leo haina sheria ya talaka kwa wasio Waislamu, na Chile iliipata mwaka 2004 tu. Waandishi wa tamthilia hawakukibuni kikwazo hicho. Walikikuta nyumbani kwao.

Kwetu kikwazo kina namba: kanuni ya 1707 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983. Inasema kutokuwepo kwa mume peke yake, hata kuwe kwa muda mrefu namna gani, hakutoshi kumhesabu kuwa amekufa. Askofu lazima apate uhakika kutokana na mashahidi, uvumi na mazingira. Kanuni hiyo inamlinda mume aliye hai, na siwezi kusema ni mbaya. Lakini vita havitoi cheti cha kifo.

Mama mdogo alikuwa ameposwa na mgane mmoja Mkongomani, naye hakutaka kuishi na mwanaume bila kupokea komunyo. Alitafuta mashahidi Nakivale nzima, akapata wawili wa kijijini kwetu. Wa kwanza alisema alimwona mume wake akianguka kwa risasi. Wa pili alisema alimwona Goma mwaka 2014, amekonda, anasukuma chukudu lenye magunia ya makaa.

Maelezo yote mawili yaliandikwa na kupelekwa. Mgane bado huja Jumapili baada ya misa, hupewa chai, huzungumza na mama mdogo mbele ya mlango ulio wazi, kisha hupanda bodaboda kurudi Nakivale kabla ya giza. Kwa jirani mwenye dishi mama mdogo haendi tena.