Mtu wa Udongo wa Prague

Miongoni mwa hadithi za ajabu zilizotoka kwa Wayahudi wa Ulaya, ni chache zilizosafiri mbali kama ile ya golem, mtu wa udongo aliyefinyangwa na rabi, akatiwa uhai kwa herufi za Jina la Mungu, akawa mtumishi asiyesema. Imetungwa na kutungwa tena katika riwaya, tamthilia na sinema, na Wayahudi na wasio Wayahudi pia. Kwa hiyo ni kipimo chema kwa mtu atakaye kujua ni kitu gani hasa kinachoifanya hadithi ya ajabu iwe aminifu kwa mila ya watu ambao kwao imetoka. Aghalabu watunzi hudhani kitu hicho ni udongo wenyewe. Sivyo.

Neno golem latokea mara moja tu katika maandiko matakatifu ya Kiebrania, katika Zaburi ya 139, na maana yake ni kitu ambacho umbo lake bado halijatimia. Talmudi nayo yasimulia kwamba mwanachuoni Rava aliumba mtu, akampeleka kwa Rabi Zeira. Zeira alisema naye, asijibiwe. Akatambua kuwa ni kazi ya wenzake, akamwamuru arudi mavumbini mwake. Kisa chote ni mistari michache. Hamna vita wala nyumba iliyobomolewa.

Zaidi ya miaka 1,000 baadaye, mwanasheria Tzvi Ashkenazi, aliyefariki mwaka 1718, aliuliza swali ambalo mgeni angelicheka kulisikia: je, golem aweza kuhesabiwa katika wanaume 10 ambao bila wao sala ya jamaa ya Kiyahudi haitimii? Hakuwa akifanya mzaha. Ilisemwa kwamba mzee wa ukoo wake, Rabi Eliya wa Chelm, aliyefariki mwaka 1583, alimfanya kiumbe kama huyo. Ashkenazi alirudi kwa Rava na Zeira, akapima: kama kiumbe yule angefaa kwa hesabu ya sala, Zeira asingemharibu bure, alimharibu, basi hakufaa. Wala tendo lile halikuwa uuaji, kwa kuwa hakuzaliwa na mwanamke.

Jibu hilo lastahili kutazamwa kwa makini. Ajabu yenyewe haikumshughulisha sana. Aliipokea kama mtu apokeavyo habari ya jirani. Lililomshughulisha ni sheria: kiumbe huyu ana haki gani, wajibu gani, na mahali gani katika safu ya wasalio. Mtunzi asiyejua kuuliza swali la namna hiyo aweza kupamba hadithi yake kwa kofia, mishumaa na herufi za Kiebrania, na bado isiwe ya Kiyahudi.

Kuhusishwa kwa golem na Prague kulikuja baadaye. Rabi Yuda Loew wa mji huo, aliyefariki mwaka 1609, aliacha vitabu vingi, wala hakuna hata kimoja kinachomtaja mtu wa udongo. Mwandishi wa historia David Gans, aliyeishi naye mji mmoja, aliandika katika mwaka 1592 jinsi Loew alivyoitwa mbele ya Kaisari Rudolf II. Juu ya golem hakuandika neno. Ni katika karne ya 19 hadithi ya Prague ilipoenea katika vitabu, na ndani yake mna tukio moja ambalo lisingeweza kutungwa na mtu asiyeijua Sabato. Kila Ijumaa jioni rabi humwondolea golem lile Jina, maana hata mtumishi wa udongo apaswa kupumzika. Ijumaa moja asahau. Kiumbe aingiwa na wazimu, avunja na kubomoa, na sinagogini watu wamekwisha kusoma Zaburi ya 92, iikaribishayo Sabato. Rabi asimamisha sala, atoka, amwondolea Jina, arudi, na Zaburi yasomwa tena tangu mwanzo. Hofu yote ya kisa hiki imo katika saa: Sabato imekwisha kuingia au bado? Mlango ule ukifungwa, kazi ya kuokoa yenyewe yageuka swali la sheria.

Riwaya ya Gustav Meyrink ya mwaka 1915 haina saa hiyo. Golem wake ni kivuli kitokeacho kila baada ya miaka 33, nacho hukaa katika chumba kisicho na mlango. Ni kitabu chenye giza zuri, lakini giza hilo ni la mwandishi mwenyewe. Sinema ya Paul Wegener ya mwaka 1920 ilipotoka zaidi: humo rabi atazama nyota na kumwita pepo Astaroth ili apewe neno la uhai. Katika mapokeo ya golem uhai hutoka katika herufi na Jina la Mungu, si katika kinywa cha pepo. Rabi amwombaye pepo ni mchawi aliyevikwa joho la rabi, na sura hiyo Wayahudi walikuwa wamekwisha kubandikwa na adui zao kwa karne nyingi.

Maana hadithi za uongo juu ya mila ya Kiyahudi zimewahi kuua. Tangu kifo cha kijana mmoja huko Norwich, Uingereza, mwaka 1144, palienea singizio kwamba Wayahudi huua watoto wa Wakristo, na baadaye likaongezwa kwamba damu yao hutiwa katika mkate wa Pasaka. Mtu aliyepata kuingia katika jiko la Kiyahudi angejua upuuzi wake: Torati yakataza damu hata ya mnyama, nyama hulowekwa na kutiwa chumvi ili damu itoke, na yai lenye tone la damu hutupwa. Lakini wasikilizaji hawakuwa wamelijua jiko hilo. Mwaka 1899 Leopold Hilsner alihukumiwa kufa katika nchi ya Bohemia. Adhabu ikapunguzwa kuwa kifungo cha maisha, akasamehewa mwaka 1918. Mwaka 1903 Wayahudi 49 waliuawa Kishinev, baada ya gazeti kulivumisha singizio lile lile.

Katika hali hiyo ndipo Rabi Yudl Rosenberg alipochapa kitabu chake huko Poland, mwaka 1909. Alidai kuwa ni hati ya kale ya mkwe wa Loew, iliyopatikana katika maktaba ya Metz. Haikuwa kweli, kitabu alikitunga mwenyewe. Lakini golem wake ana kazi moja, kulinda mitaa usiku kabla ya Pasaka, ili pasiingizwe maiti ya mtoto katika mtaa wa Wayahudi kwa siri. Mke wa rabi amtumapo kuchota maji, mambo yaharibika na rabi akemea, kwa kuwa aliyeumbwa kwa jambo takatifu hafai kutumwa kazi za jikoni. Rosenberg aliijua sheria, na alijua saa ya hofu ya watu wake. Hata hivyo, aliujibu uongo kwa hati ya uongo, na wasomaji wengi waliiamini kuwa historia. Ubaya wake ni mwepesi kuliko wa wale wasingiziaji, lakini ni ubaya: hadithi aminifu kwa mila haikuhitaji muhuri wa kughushi.

Katika kitabu hicho golem alazwa darini katika sinagogi la kale la Prague, lililojengwa karibu na mwaka 1270. Katika karne ya 20 mwandishi wa habari Egon Erwin Kisch alipanda huko kumtafuta, asimkute. Chini ya dari hiyo, Ijumaa jioni, Zaburi ya 92 husomwa mara mbili.