Venice na Mgeni wa Mfuko Mwepesi

Malalamiko kuhusu Venice yamekuwa na sura moja kwa miaka mingi: kwamba mji uliojengwa kwa ajili ya matajiri, mji wa majumba ya marumaru na gondola, umevamiwa na wasafiri wa mfuko mwepesi. Wanashuka asubuhi kwenye stesheni ya Santa Lucia, wanakula mkate waliokuja nao, wanapiga picha madarajani, jioni wameshaondoka. Historia ya mji huo inasema vingine. Mgeni mwenye kuhesabu senti si kiumbe kipya kando ya mifereji ile. Alikuwamo tangu Zama za Kati, na dola ya Venice ilijipanga kumpokea tangu saa anayotia mguu mjini. Mfuko wake haujabadilika sana. Kilichobadilika ni muda anaokaa, na kama kuna mtu anayejiona ana dhamana juu ya siku yake ya kwanza.

Tuanze na mahujaji. Katika karne ya 14 na ya 15, Mkristo wa Ujerumani, Uingereza au kaskazini mwa Italia aliyetaka kufika Yerusalemu alipitia Venice, akapanda merikebu ya kwenda bandari ya Yafa. Merikebu hizo hazikuondoka kila siku. Nyingi ziling'oa nanga baada ya Sikukuu ya Kupaa, na nahodha alisubiri abiria wajae na upepo uwe mwema, kwa hiyo hujaji alikaa mjini kwa majuma kadhaa akila, akilala na kununua. Serikali ililijua hilo vizuri. Iliweka watu walioapishwa, wakiitwa tolomazi, wasimame kwenye eneo la biashara la Rialto na kwenye uwanja wa Mtakatifu Marko wakimngoja mgeni: wamtafutie mahali pa kulala, wamsaidie kubadilisha fedha na kununua mahitaji, wamkutanishe na manahodha. Mkataba wa safari uliandikwa na kusimamiwa na maofisa wa idara iliyoitwa Cattaver, na ulimbana nahodha hata kwenye chakula: milo miwili ya moto kwa siku. Hujaji aliyepunjwa alikuwa na mlango wa kubisha.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote ni wa kitanda. William Wey, padri wa chuo cha Eton nchini Uingereza, alikwenda Yerusalemu mwaka 1458 na tena mwaka 1462, akawaandikia wenzake maelekezo ya safari. Ukifika Venice, anashauri, nenda kwa mwuzaji karibu na kanisa la Mtakatifu Marko, ununue godoro la manyoya, tandiko la chini yake, mito miwili, jozi mbili za shuka na mfarishi, vyote kwa sarafu tatu za dukati. Ukirudi salama, mpelekee mwuzaji yuleyule vitu vyake, naye atakurudishia dukati moja na nusu. Anawahimiza pia wachukue tundu la kuku wa kula njiani. Tazama biashara iliyojificha humo: soko zima la vitanda vya kukodi kwa jina la kuuza, lililotegemea wateja wanaojua bei ya shuka na wanaojali nusu ya fedha yao irudi. Kabaila hasafiri hivyo. Felix Fabri, mtawa wa Kidominiko kutoka Ulm aliyepita mwaka 1480 na 1483, anaeleza nyumba ya wageni ya Mtakatifu George, ambako kuanzia mwenye nyumba hadi watumishi wote walisema Kijerumani. Hata mbwa wa pale, anadai, aliwachangamkia Wajerumani na kuwabwekea Waitaliano. Tumsamehe mtawa kwa chumvi aliyotia. Tunachopata kwake ni kwamba mgeni aliyechoka, asiyejua lugha ya mji, aliweza kupata siku ileile ya kwanza mahali anapoeleweka.

Yupo atakayesema kwamba ninaipamba dola iliyokuwa na uchu wa fedha. Kwamba tolomazi walikuwa madalali tu, na kwamba kumpokea mgeni kulikuwa njia ya kumchunga. Nakubali yote mawili, na hoja yangu inasimama juu yake. Wafanyabiashara wa Kijerumani hawakuruhusiwa hata kuchagua pa kulala: sheria iliwapeleka Fondaco dei Tedeschi, jengo kubwa kando ya daraja la Rialto, ambako bidhaa zao ziliandikwa na kutozwa ushuru. Watu wa Venice, ambao shanga zao za kioo zilikuja kubebwa na misafara ya karne ya 19 kutoka pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi bara, hawakuwa mabingwa wa sadaka. Walielewa tu kwamba hujaji aliyeibiwa siku ya kwanza angekwenda kuwasimulia wenzake kwao, na mwaka unaofuata wangetafuta bandari nyingine. Tamaa yenye hesabu za miaka mingi ilizaa utaratibu ambao wema peke yake haukuzaa.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: kwamba mahujaji hao hawakuwa maskini. Pietro Casola, kasisi wa Milan, alilipa nauli ya dukati 60 mwaka 1494, na hizo hazikuwa fedha za mkulima. Kweli. Lakini nauli kubwa haimfanyi mtu kuwa tajiri. Mara nyingi ndiyo inayomwacha bila kitu cha kutumia mjini. Fabri mwenyewe, mtawa asiye na mali, alisafiri mara ya pili kama kasisi wa mabwana wanne wenye uwezo. Na kwa wale wasio na bwana, kulikuwa na hospitia za dini, kama Ca' di Dio iliyoanzishwa mwaka 1272 kuwapa mahujaji malazi.

Hata njia za mji zilikuwa za wote. Hadi mwaka 1854 Mfereji Mkuu ulikuwa na daraja moja tu, la Rialto, lile la mawe lililokamilika mwaka 1591. Tajiri na mchukuzi walivuka kwa mashua za kivuko, zilizokuwa na vituo maalumu na vyama vya wapiga makasia vyenye kanuni zake. Vivuko vichache bado vipo. Mgeni huvuka kwa euro mbili, mara nyingi akiwa amesimama. Boti za mvuke zilipoingia mwaka 1881 kama usafiri wa watu wengi, wapiga makasia wa gondola waligoma. Leo tiketi ya boti ya umma ni euro 9.50 kwa mgeni, na 1.50 kwa mkazi mwenye kadi. Kumpunguzia mwenyeji si kosa. Ila chombo kilicholetwa kwa ajili ya wanyonge kimegeuka kuwa ghali mara kadhaa kuliko kivuko cha makasia.

Linabaki suala la idadi, na hapa wanaolalamika wana haki. Mahujaji walikuwa mamia kwa mwaka. Wageni wa leo ni mamilioni. Lakini tukihesabu wageni tuwahesabu na wenyeji. Mji mkongwe ulikuwa na watu kiasi cha 175,000 mwaka 1951, na mwaka 2022 walishuka chini ya 50,000. Nyumba walizoziacha hazikuchukuliwa na msafiri wa mkate mkavu. Zimekuwa vyumba vya kupangisha kwa usiku, kwa bei inayomsukuma yeye akalale kwingine na kuja kushinda tu. Fondaco dei Tedeschi lilifunguliwa mwaka 2016 likiwa duka la bidhaa za anasa. Ca' di Dio, malazi ya mahujaji, ni hoteli ya kifahari tangu 2021.

Tarehe 25 Aprili 2024 mji ulianza kutoza euro tano kwa anayeingia mchana bila kulala, katika siku 29 zilizochaguliwa. Mwaka 2025 siku zikawa 54, na anayechelewa kujiandikisha akalipa 10. Msimu wa kwanza uliingiza zaidi ya euro milioni mbili. Ada si dhambi, maana Cattaver nao walijua kutoza. Ila aliyelipa enzi zile alipata mtu wa kumwongoza, mkataba wenye masharti na ofisi ya kushtakia. Anayelipa sasa anapewa msimbo kwenye simu wa kumwonyesha mkaguzi, nao hauhitajiki tena baada ya saa kumi alasiri.