Burkina Faso: koloni lililofutwa, udongo uliofufuliwa

Septemba 1932 Ufaransa ilivunja koloni lake la Volta ya Juu na kuligawa mapande matatu. Moja lilikwenda Niger, jingine Sudan ya Kifaransa, ambayo leo ni Mali. Pande kubwa kuliko yote, pamoja na mji wa Ouagadougou, lilitiwa Côte d'Ivoire. Koloni lenyewe lilikuwa na umri wa miaka 13 tu.

Volta ya Juu haikuwa na bahari wala bandari. Kaskazini, kwenye ukanda wa Sahel, mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 600. Kusini huvuka 1,000. Hunyesha zaidi kati ya Juni na Septemba, kisha huvuma harmattan, upepo mkavu wa Sahara wenye vumbi. Watawala waliotaka faida ya haraka walikodolea macho watu, hasa Wamosi, ambao ni karibu nusu ya wakazi. Maelfu walipelekwa shokoa kwenye mashamba ya kakao na kahawa ya Côte d'Ivoire, na kwenye ujenzi wa reli ya kutoka Abidjan, iliyofika Bobo-Dioulasso mwaka 1934 na Ouagadougou mwaka 1954.

Shokoa ilipigwa marufuku mwaka 1946. Mwaka uliofuata, baada ya madai ya muda mrefu ya watawala wa jadi wa Wamosi, koloni lilirudishwa. Uhuru ulipatikana Agosti 5, 1960, na mwaka 1984 Rais Thomas Sankara akaipa nchi jina la Burkina Faso.

Ukame wa miaka ya 1970 ulipoikausha Yatenga, kaskazini, wengi walihama. Yacouba Sawadogo, mkulima wa kijiji cha Gourga, alibaki. Wakati wa kiangazi alichimba vishimo katika ardhi iliyokauka kama saruji, akatia samadi. Samadi ikavuta mchwa, mchwa wakatoboa udongo, na mvua iliponyesha maji yakazama badala ya kutiririka. Mtama na uwele vikastawi, miti ikaota. Mbinu hiyo ya wazee, iitwayo zaï, aliiboresha na kuwafundisha wengine hadi alipofariki mwaka 2023.

Leo vita kati ya jeshi na makundi ya wanajihadi vimewafukuza wakulima wengi wa kaskazini. Wakoloni waliwang'oa watu hawa kwenye ardhi yao wakidhani haina thamani. Sawadogo alithibitisha kwamba inalipa inapotunzwa na wenyewe. Amani yoyote itakayotafutwa Burkina Faso ianze na haki yao ya kurudi mashambani.