Redio ya ridhaa: Unganisha hivi kabla hujabonyeza kitufe cha kuongea

Kutoka Nyamisangura, Tarime, unaweza kuongea na mtu wa Mombasa bila bando wala mnara wa simu. Unahitaji kituo cha redio ya ridhaa na leseni ya TCRA. Jina lako la hewani litaanza na 5H, alama ya Tanzania.

Redio nyingi za aina hii hutumia volti 13.8, hivyo betri ya gari inatosha hata umeme ukikatika. Ila redio ya wati 100 huvuta kama ampea 20 ukiongea. Waya mwembamba utachemka, na fyuzi ikae karibu na betri.

Nyuma ya redio inatoka kebo ya antena. Usichukue ya dishi la TV, ile ni omu 75. Hapa inatakiwa ya omu 50. Inapita kwenye mita ya SWR, kisha inapanda hadi antena. Kwa megahezi 7, antena ni waya wa shaba wa mita 20 uliokatwa katikati: upande mmoja unaungwa na waya wa ndani wa kebo, wa pili na wavu wake.

Wengi huunguza redio hapa: wanarusha kabla antena haijaungwa. Nguvu inakosa pa kwenda, inarudi na kuua transista za mwisho, ambazo kupata nyingine ni kazi. Jaribu kwa wati 5 kwanza. Mita ikisoma 1.5 au chini, endelea. Ikipita 3, acha, kagua viungo.

Na huku Kanda ya Ziwa radi hazina mzaha. Wingu likianza kunguruma umechelewa. Chomoa kebo mapema, uiache nje ya nyumba.