Safu ya Lugha: Homeoboksi haishiki DNA

Siku hizi waandishi wetu wa sayansi wamelipokea neno "homeoboksi", nao wanalitwisha kazi isiyo yake. Eti homeoboksi ni protini inayoshika DNA. Hapana, jamani! Homeoboksi ni kipande cha jeni, jozi za besi 180 hivi ndani ya DNA yenyewe. Kinachoshika DNA ni homeodomeni, sehemu ya protini yenye asidi amino 60 hivi, inayoundwa kwa maelekezo ya kipande hicho. Hesabu inakubali: kila asidi amino huandikwa kwa besi tatu.

Asili ni Kigiriki "homoios", yaani -a kufanana. Mwaka 1894 Mwingereza William Bateson aliunda "homeosis" kutaja kiungo kinachoota kwa sura ya kiungo kingine, kama yule nzi wa matunda mwenye miguu kichwani, pale palipostahili vipapasio. Jeni za nzi wa aina hiyo ndizo zilizowafikisha watafiti wa Basel na Indiana kwenye homeoboksi, miaka ya 1980. Baadaye ikaonekana kwa binadamu, kwenye mimea, hata kwenye hamira. Na msiseme "jeni za Hox" mkimaanisha jeni zote zenye homeoboksi. Hox ni ukoo mmoja tu humo.