Uganda: Wageni Walipoondoka Mulago

Wapiganaji wetu walioingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979 waliikuta nchi ambayo utawala wa Idi Amin ulikuwa umeivuruga karibu kila taasisi yake. Lakini katika kilima cha Mulago kilikuwapo kituo kidogo cha tiba ya saratani ambacho miaka yote ile hakikufunga milango.

Asili yake ni kazi ya daktari mpasuaji, Denis Burkitt, ambaye mwaka 1958 aliandika habari za uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto. Mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Makerere kilishirikiana na Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani kuanzisha kituo cha kuutibu kwa dawa badala ya kisu. Mkuu wake wa kwanza alikuwa Mmarekani, Dk. John Ziegler. Tusidanganyane: Wamarekani hawakuletwa na huruma tupu. Uvimbe huo ulikuwa nadra kwao, na utafiti ulihitaji wagonjwa. Hata hivyo madaktari wa Uganda walifanya kazi bega kwa bega na wageni hao, wakaujua ufundi wenyewe.

Manufaa yake yalionekana mwaka 1972. Amin aliwafukuza Waasia, walimu wa kigeni wakaanza kuihama Makerere, na Makamu Mkuu wa Chuo hicho, Frank Kalimuzo, alikamatwa asionekane tena. Ziegler naye akaondoka. Aliyeshika zamu ni Dk. Charles Olweny, mwananchi wa Uganda, na wagonjwa wakaendelea kutibiwa.

Askari anaelewa vizuri maana ya kikosi kumpoteza kamanda huku kazi ikisonga mbele. Anaelewa pia hatari ya lindo la mtu mmoja, na huko ndiko Mulago ilikofikia. Olweny naye aliihama nchi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na wataalamu wapya hawakufundishwa vya kutosha. Wataalamu wa kituo cha Fred Hutchinson, cha Seattle, walipofika mwaka 2004, walimkuta bingwa mmoja tu wa saratani, Dk. Jackson Orem, akihudumia taifa zima.

Kwa hiyo ushirikiano huu wa pili uliweka mafunzo mbele. Madaktari wa Uganda walipelekwa Seattle kusoma, wakarudi Mulago kufanya kazi. Jengo jipya lilikuja baadaye, mwaka 2015.