Jinja na Mbale: Jinsi ya Kupima Kuridhika na Huduma za Jiji

Jinja na Mbale zilipandishwa hadhi kuwa majiji tarehe 1 Julai 2020. Mipaka ilipanuka na kuingiza maeneo kama Bugembe kwa upande wa Jinja na Nakaloke kwa upande wa Mbale. Tangu hapo swali la wafanyabiashara wengi ni moja: ada tunazolipa zinarudi kwetu kama huduma? Makala hii inaeleza namna swali hilo linavyopimwa, na kwa nini msafirishaji mara nyingi huachwa nje ya hesabu.

Kipimo hiki ni nini?

Utafiti wa kuridhika huwauliza watumiaji wa huduma, si watoaji, kama wameipata, kwa muda gani, kwa gharama gani, na kama wameridhika. Mfano unaotajwa sana ni kadi ya alama ya wananchi iliyoanzia Bangalore, India, mwaka 1994 na kurudiwa 1999 na 2003. Kurudia ndiko kulikoipa nguvu, kwani alama ya mwaka mmoja haionyeshi kama mambo yanapanda au yanashuka. Mwaka 2007 njia hiyo ilitumika Nairobi, Mombasa na Kisumu kupima huduma za maji, usafi na taka.

Uganda yenyewe ina somo lake. Utafiti wa mwaka 1996 ulifuatilia ruzuku za shule za msingi na kukuta kwamba kati ya 1991 na 1995 shule zilipokea wastani wa asilimia 13 tu ya fedha zilizotengwa kwa matumizi yasiyo ya mishahara. Vitabu vya serikali vilionyesha fedha zimetoka. Ukweli ulijulikana pale shule zilipoulizwa zimepokea nini.

Nani anapima Uganda?

Idara ya Takwimu ya Uganda, UBOS, imefanya utafiti wa kitaifa wa utoaji huduma tangu mwaka 2000, na wa 2021 ni miongoni mwake. Ofisi ya Waziri Mkuu huzipima serikali za mitaa kila mwaka, na tangu 2009 imekuwa ikisimamia mikutano ya hadhara iitwayo baraza. Taasisi ya ACODE nayo huwapa madiwani alama.

Vipimo hivi vina faida, lakini vina pengo. Utafiti wa kaya hugonga milango ya wakazi. Dereva anayetoka Mombasa akapita Malaba, Tororo na Iganga, akasimama Jinja kula au kutengeneza gurudumu kabla ya kuvuka Nile, hana mlango wa kugongwa. Vivyo hivyo kwa anayekunja Tororo kwenda Mbale, Soroti na kaskazini. Anatumia barabara, choo, taa na maegesho, lakini maoni yake hayamo.

Nalufenya ni mfano mzuri. Mtaa huu wa Jinja uko karibu na daraja jipya la Mto Nile, lenye urefu wa mita 525, lililofunguliwa Oktoba 2018 kwa mkopo wa Japani. Ukiwahoji wakazi peke yao, utasikia habari za taka na maji. Ukiwahoji wenye malori, utasikia habari za mahali pa kuegesha na usalama wa mzigo usiku. Majibu yote mawili ni ya kweli, ila yasichanganywe kuwa wastani mmoja.

Huduma hii ni ya nani?

Kabla ya kulaumu jiji, tenganisha wenye dhamana. Leseni za biashara, masoko, ukusanyaji wa taka, mitaro na barabara za mitaa ni kazi ya jiji. Barabara kuu zilikuwa chini ya UNRA hadi kazi zake ziliporudishwa Wizara ya Ujenzi na Uchukuzi mwishoni mwa 2024. Umeme ulihama kutoka Umeme kwenda UEDCL tarehe 1 Aprili 2025. Maji ni ya shirika la taifa, NWSC. Dodoso linalouliza tu "umeridhika na jiji?" humpa kila ofisa nafasi ya kusema kosa ni la mwenzake.

Maswali yenye faida

Uliza tukio, si hisia peke yake. Leseni ilichukua siku ngapi? Ulipewa stakabadhi kwa kila malipo? Taka zilizolewa mara ngapi wiki iliyopita? Mvua iliponyesha, mtaro ulipitisha maji? Kwa Mbale swali hili la mwisho si dogo: usiku wa tarehe 30 Julai 2022 mito Nabuyonga na Namatala ilifurika na watu zaidi ya 20 walikufa.

Swali la kuridhika lije baada ya hayo. Kumbuka pia kwamba matarajio hupanda pamoja na hadhi. Alama inaweza kushuka hata huduma ikiwa ile ile, kwa sababu mwenye duka sasa anategemea huduma ya jiji.

Watu wangapi?

Kwa sampuli ya kubahatisha ya watu 100, matokeo huweza kupishana na hali halisi kwa takriban asilimia 10 juu au chini. Kwa watu 385, tofauti hushuka hadi asilimia 5. Hesabu hiyo ni ya kila kundi unalotaka kulisemea: wakazi, wenye maduka na wasafirishaji kila mmoja peke yake.

Orodha ya leseni haitoshi, kwani wachuuzi wasio na leseni hawamo. Kwa malori, chagua kila la kumi linalosimama, mchana na usiku, kwa siku tofauti. Dodoso liwepo kwa Kiswahili pia, pamoja na Lusoga, Lumasaba, Luganda na Kiingereza. Na anayehoji asiwe yule anayekusanya ada. Mbele yake watu hujibu kwa adabu au kwa woga.

Matokeo yapelekwe wapi?

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na majadiliano ya bajeti za mitaa huanza miezi mingi kabla. Chama cha wafanyabiashara kinachopeleka takwimu zake Juni kimechelewa. Oktoba ni bora. Mnaweza pia kuomba takwimu za mapato na matumizi ya jiji kwa Sheria ya Haki ya Kupata Habari ya 2005, inayoitaka ofisi kujibu ndani ya siku 21. Wekeni mezani kilichokusanywa kwa ada za maegesho na soko, na kando yake majibu ya waliozilipa.